Chai ya Nyamira na mabaharia waliosahauliwa: Filamu ya ‘The Forgotten Space’

MCHUMAJI chai wa Kebirigo au Nyansiongo, kikapu mgongoni alfajiri, hana sababu kubwa ya kuiwazia bahari. Iko mbali naye, zaidi ya kilomita 700.

Hata hivyo, majani anayochuma yakishasindikwa kiwandani na kuuzwa katika mnada wa Mombasa, hupakiwa kwenye makasha na kukabidhiwa watu ambao hatawaona maishani: mabaharia wa meli za mizigo.

Watu wa aina hiyo ndio wanaomulikwa na The Forgotten Space, filamu ya makala ya dakika 112 iliyotengenezwa na Allan Sekula, mpigapicha wa Marekani, pamoja na Noël Burch. Ilionyeshwa kwanza mwaka wa 2010 katika tamasha la Venice, Italia, na kupata tuzo maalumu ya majaji katika kitengo cha Orizzonti. Jina lake lina maana ya mahali paliposahaulika. Mahali penyewe ni bahari.

Sekula hakuwa mgeni wa mada hiyo. Kitabu chake cha picha na maandishi kuhusu bandari na wafanyakazi wake, Fish Story, kilichapishwa mwaka wa 1995.

Anayetarajia dhoruba na maharamia atavunjika moyo. Mhusika mkuu ni kasha la chuma. Mnamo Aprili 26, 1956, meli ya Ideal X iling’oa nanga Newark, Marekani, kuelekea Houston ikiwa na makasha 58, wazo la mwenye malori Malcom McLean. Gharama ya kupakia tani moja, iliyokuwa dola 5.86, ilishuka hadi senti 16.

Mlaji na mfanyabiashara walinufaika. Baharia alipoteza nchi kavu. Zamani meli ilikaa gatini siku kadhaa na mabaharia wakatembea mjini. Siku hizi saa chache zatosha, nao huuona mji kwa mbali, nyuma ya kreni.

Filamu yatoka melini pia. Yafika Doel, kijiji cha Ubelgiji kilichotishiwa na upanuzi wa bandari ya Antwerp. Yawasikiliza madereva wa malori wa Los Angeles. Yawakuta Hong Kong wanawake wa Ufilipino, watumishi wa nyumbani, wakikutana siku ya Jumapili. Hapo mzazi wa Kisii mwenye binti Saudi Arabia atakaza macho.

Kenya haimo. Aidha, msimulizi huzungumza mno, na mara nyingine mtu angependa anyamaze, mabaharia waseme.

Sekula alifariki Agosti 2013, mwezi uleule ambao Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 ulianza kutekelezwa duniani. Kenya iliuridhia mwaka wa 2014. Mkataba huo unadai mishahara ilipwe kila mwezi na baharia arejeshwe kwao kabla ya kutimiza miezi 12 melini.

Karatasi ni jambo moja. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la corona, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini muda wao ukiwa umekwisha.

Kisha, Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, njia itumiwayo na chai ya Kenya kwenda Misri. Mabaharia wake 25 waliachiliwa Januari 2025, baada ya miezi 14.