Nyota ya Kaskazini na Rubani wa Malindi

Ukisimama Mutuini usiku usio na mawingu, ewe msomaji, ukageuza uso kuelekea Limuru, hutaiona Nyota ya Kaskazini hata ukikesha. Si vilima viizuiavyo, bali ni umbo la dunia. Nyota hiyo imesimama karibu kabisa juu ya ncha ya kaskazini, na Mutuini iko kama kilometa 140 kusini ya ikweta. Aliye London huiona kwa kimo cha digrii 51 hivi juu ya upeo wa macho, kwa kuwa London yenyewe iko digrii 51 kaskazini ya ikweta. Kadiri ajavyo kusini ndivyo nyota ishukavyo, digrii kwa digrii, hata kwenye ikweta huzama. Nasi hatukupunjwa: usiku mmoja wa Mei twaweza kuuona Msalaba wa Kusini upande huu na Dubu Mkubwa upande ule, na huo Msalaba London hauonekani kamwe.

Wareno walizoea kujua mahali walipo baharini kwa kupima kimo cha nyota hiyo. Vasco da Gama alitoka Lisbon mwezi wa Julai 1497. Walipovuka ikweta ikawapotea, ikawapasa kulitegemea jua la adhuhuri. Mwezi wa Aprili 1498 wakafika Malindi, na mfalme wa mji akawapa rubani. Waling'oa nanga tarehe 24. Siku tano baadaye, Jumapili, mmoja wao aliandika katika kumbukumbu za safari ya kuwa wameiona tena nyota waliyoikosa muda mrefu.

Je, rubani naye alishangilia? Sidhani. Wenziwe walikuwa wakivuka ikweta huku na huku tangu kale. Walikuwa na kibao chenye uzi wa mafundo: baharia huuma fundo, akakisogeza kibao mbele mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa macho na wa juu uguse nyota. Nyota ya Kaskazini ikiwa chini mno, walizipima Farkadani, nyota mbili ziizungukazo ncha kwa mbali zaidi, ambazo hata kusini ya ikweta hupanda zikaonekana. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, ameyaandika hayo. Wako wasemao kuwa ndiye aliyekuwa rubani wa Malindi. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali, na kwangu jina lake si kubwa kuliko elimu yake. Tarehe 20 Mei merikebu zilitia nanga karibu na Calicut.