Videnenda wa nchi ya chai: Namna ya kuwatambua na kuwaandika

KATIKA mabonde ya Kericho na Bomet, pale majani chai yanapokomea na vichaka vya kando ya mito kuanza, huishi ndege wadogo wa rangi ya kahawia ambao huwatatiza hata watazamaji wa miaka mingi. Hao ni videnenda wa jenasi Cisticola. Kenya ina zaidi ya spishi 20 za jenasi hiyo, nyingi zikifanana mno kwa manyoya. Hubert Lynes, Mwingereza, aliwaandikia uchambuzi mkubwa mwaka wa 1930, lakini kuwatofautisha shambani kungali kazi ngumu.

Wanaochanganywa sana ni kidenenda wa Chubb na kidenenda wa Hunter. Wote wawili huimba kwa kupokezana, dume na jike, wakiwa juu ya kichaka. Anayetegemea jambo hilo pekee atapotoka. Wa Chubb ana utosi wa rangi ya kutu na mgongo usio na michirizi. Wa Hunter ana rangi iliyokoza zaidi, na mgongo wake una michirizi hafifu. Huyu hupenda nyanda za juu zaidi, ila maeneo yao hukutana, hivyo mwinuko ni dokezo tu wala si ushahidi. Yupo pia Cisticola cantans, mwenye utosi mwekundu vilevile, lakini hutambulikana kwa wekundu wa bawa lililokunjwa.

Mvua ya alasiri, ambayo Kericho haiikosi, huongeza utata. Manyoya yaliyolowa huonekana meusi na michirizi hupotea. Heri kungoja ndege akauke.

Maelezo yaandikwe papo hapo, kabla ya kufungua kitabu: tarehe, saa, mahali, mwinuko, aina ya kichaka, na kilichoonekana utosini, mgongoni na bawani. Sauti iliyonaswa kwa simu ya mkononi mara nyingi hufaa kuliko picha ya ndege aliyefichwa nusu na majani.

Atlasi ya kwanza ya ndege wa Kenya, ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy, ilichapishwa mwaka wa 1989. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, hukusanya orodha mpya katika miraba ya takriban kilomita 9 kila upande, ili ibainike ni ndege gani waliopungua. Katikati ya miaka hiyo, mnamo 2001, sehemu ya msitu wa Mau Kusini Magharibi ilitengwa kwa makazi. Jina moja lililokosewa laweza kuonyesha kwamba ndege angali bondeni ilhali vichaka vyake vilikwisha kung'olewa. Kwa hiyo ndege asiyejulikana kwa hakika hubaki daftarini kama Cisticola tu, wala haingizwi katika orodha.