Dawa ya Buckley na gego la mtoto

Mzazi akiambiwa kuwa gego la mwanawe wa miaka mitano linahitaji matibabu ya mzizi, swali la kwanza huwa lile lile: ya nini kuhangaika, na jino lenyewe litang'oka tu? Swali hilo ni la siku nyingi, na kwa miaka mingi jibu lake lilikuwa koleo.

Lakini magego ya utotoni hayatoki mapema kama meno ya mbele. Gego la pili hukaa kinywani mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12, na muda wote huo hulishikia nafasi jino la ukubwani linalojengeka chini yake. Likitolewa kabla ya wakati, gego la nyuma yake husogea mbele na kuibana ile nafasi. Jino la kudumu likija kuota linakosa pa kupita, hivyo linaota kombo au linakwama kabisa ndani ya ufizi.

Kikwazo kilikuwa dawa. Tundu likishafika kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu, kuziba tu hakusaidii. Mwaka 1836, Shearjashub Spooner wa New York alichapisha kitabu kilichoeleza namna ya kuua mshipa wa jino kwa arseniki. Arseniki ni sumu kali. Ikivuja kidogo tu, huozesha ufizi na hata mfupa wa taya. Kuitia kwenye kinywa cha mtoto asiyetulia kitini ni hatari iliyo wazi.

Mwaka 1904, huko Chicago, J. P. Buckley aliandika kuhusu mchanganyiko wa formalini na trikresoli, nusu kwa nusu. Formalini ndiyo hiyo hiyo inayohifadhi maiti. Buckley alitaka kuua vijidudu katika meno yaliyokwisha kuoza ndani. Aliyeipeleka dawa hiyo, formokresoli, kwa watoto alikuwa Charles Sweet wa California, mmoja wa waanzilishi wa udaktari wa meno ya watoto nchini Marekani, mwaka 1930. Mwanzoni mtoto alirudishwa kitini mara kadhaa mpaka kazi iishe; baadaye ikawezekana kuimaliza kwa siku moja.

Kazi yenyewe ni ya kimyakimya na ya haraka. Daktari anapiga sindano ya ganzi, anafungua jino kwa juu, anakwangua kiini kilicho kwenye kichwa cha jino na kukiacha kile cha kwenye mizizi. Anabonyeza pamba mpaka damu ikatike, kisha anaweka pamba nyingine yenye formokresoli na kuhesabu dakika tano. Akiitoa, nyama iliyokuwa nyekundu imegeuka kahawia iliyokolea. Juu yake anafunika saruji ya oksidi ya zinki iliyokandwa kwa mafuta ya karafuu, halafu jino zima linavishwa kofia ya chuma, aina iliyoenea baada ya 1950.

Mafuta hayo ya karafuu yanastahili kutajwa. Enzi za Buckley na Sweet, sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba. Kiini kikiwa kimeoza mpaka mizizini, saruji hiyo hiyo ya oksidi ya zinki na karafuu ndiyo iliyojazwa kwenye mizizi baada ya kusafishwa, kwa sababu mizizi ya jino la utotoni huyeyuka yenyewe jino la ukubwani likikaribia. Kinachojazwa humo nacho sharti kiyeyuke.

Formokresoli ilitawala kwa miongo mingi, na meno mengi yalipona kwayo. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 majaribio kwa wanyama yalionyesha kuwa dawa haibaki jinoni, bali huingia mwilini. Wengine wakaanza kuizimua kwa sehemu tano. Mwaka 2004, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka formaldehaidi, kemikali iliyomo katika formalini, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kipimo cha pamba moja ni kidogo mno, na mwongozo wa madaktari wa meno ya watoto wa Marekani wa 2017 bado uliikubali formokresoli. Ila tangu uamuzi huo wa IARC ikawa vigumu kumtetea Buckley bila kusitasita, na ndivyo inavyopasa inapohusu mwili wa mtoto.

Mbadala ulitoka mahali pasipotarajiwa: saruji ya kujengea. Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, waliitambulisha MTA mwaka 1993, unga ambao msingi wake ni saruji ya Portland, ukichanganywa na oksidi ya bismuthi ili uonekane kwenye eksirei. Ukikorogwa na maji huganda kwenye unyevu, nacho kiini kilichobaki hakikaushwi. Kinaendelea kuishi na kujenga dentini mpya. Tatizo lake ni bei.

Ndiyo maana kazi iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 ina uzito wake. Jo Frencken, akiwa na shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu papo hapo, bila umeme wala drili. Njia hiyo, ART, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji ya ionoma ya kioo inayozibia matundu hayo ikaingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Haitibu mzizi. Inaziba tundu kabla halijaufikia mshipa.