Kadenge na Timu za Magharibi

Wasamia, Waluhya wa Busia, wamegawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda. Mwaka 1902 Waingereza waliimega sehemu ya mashariki ya Uganda wakaitia upande wa Kenya. Watu wa Lunyo wakabaki Uganda, na ndugu zao wa Funyula wakahesabiwa Wakenya. Mwaka 1926 nchi hizo mbili zikaanza kugombea kwa mpira wa miguu Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949.

Zama za kombe hilo ndizo zilizomtoa Joe Kadenge, mzaliwa wa Vihiga, 1935. Alichezea Maragoli United, kisha klabu ya Abaluhya na timu ya taifa ya Kenya. Alikuwa mshambuliaji mwenye chenga, na kila alipoupata mpira mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alipaza sauti redioni: “Kadenge na mpira! Kadenge na mpira!” Maneno hayo yanasemwa mpaka leo, hata na vijana ambao hawakuwahi kumwona uwanjani.

Lakini Abaluhya haikuwa timu ya mtu mmoja. Iliundwa 1964 kwa kuunganisha timu za koo na maeneo ya magharibi: Marama, Kisa, Bunyore, na kutoka Busia yetu, Bukhayo na Samia Union. Hapo ndipo penye utajiri wa historia hii, na ndipo palipoandikwa kidogo mno. Miaka miwili tu baada ya muungano, 1966, Abaluhya ikatwaa ubingwa wa ligi ya Kenya. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila, klabu ikawa AFC Leopards mwaka 1980.

Kadenge aliendesha teksi Nairobi baada ya kutundika njumu, akaja kuinoa timu ya taifa, Harambee Stars, mwaka 2002. Alifariki tarehe 7 Julai 2019.

Yeye alipata mtangazaji wa kulitaja jina lake. Vijana wa Samia Union hawakumpata, ingawa jasho lao limo katika msingi wa klabu ile ile. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya timu, wachezaji wamejipanga na nahodha ameshika mpira wa ngozi, mpelekee babu au mjomba ambaye angali anakumbuka. Andika nyuma ya picha majina yote, uwanja na mwaka.