Mimba ya Mapacha: Unachopaswa Kujua Kuhusu Watoto Kucheza Tumboni

Kama wewe ni mkimbizi au mwenyeji unayeishi Kigali na umeambiwa una mimba ya mapacha, habari hii ni yako.

Watoto wanaanza kucheza lini?

Wanawake wengi huanza kusikia watoto kati ya wiki ya 16 na ya 24. Mwanzoni ni kama kitu kinachotikisika kidogo, baadaye mateke na kujigeuza. Kubeba mapacha hakumaanishi utawasikia mapema zaidi. Kondo la nyuma likiwa mbele ya tumbo, unaweza kuchelewa kuwasikia. Ukifika wiki ya 24 bila kusikia chochote, nenda ukapimwe.

Nitajuaje ni nani anayecheza?

Mara nyingi ni vigumu kuwatofautisha. Kinachohitajika ni kujua desturi yao: wanacheza saa ngapi, upande gani, kwa nguvu gani. Hakuna idadi maalumu ya mateke kwa siku. Upande mmoja uliozoea kucheza ukinyamaza, usijifariji kwamba mwenzake bado anacheza.

Si kweli kwamba watoto huacha kucheza uzazi unapokaribia. Wanapaswa kucheza mpaka siku ya kujifungua.

Nikiona mabadiliko nifanye nini?

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku. Usingoje kesho wala tarehe ya kliniki, na usipoteze muda kwa kunywa kitu baridi au dawa za kienyeji. Kama huwezi kufika, piga 912, namba ya gari la wagonjwa la SAMU.

Kama hujui Kinyarwanda, sema: "Ntwite impanga, abana ntibakina nk'ibisanzwe." Maana yake: nina mimba ya mapacha, watoto hawachezi kama kawaida.

Nenda haraka pia ukiona:

- damu au maji yanatoka ukeni
- maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka kabla ya wakati
- kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso au mikono kuvimba
- homa

Mapacha mara nyingi huzaliwa kabla ya miezi tisa kutimia, na shinikizo la damu huwapata zaidi mama wenye mimba ya mapacha. Kwa hiyo usikose kliniki, na muulize mkunga utajifungulia hospitali gani.

Je, kuhusu malipo?

Tangu makubaliano ya 2019 kati ya serikali ya Rwanda na UNHCR, wakimbizi wa mijini waliosajiliwa wanaweza kuingizwa katika bima ya Mituweli. Hakikisha jina lako limo kabla mimba haijawa kubwa, na weka kitambulisho chako pamoja na karatasi za kliniki mahali pamoja. Mjumbe wa afya wa mtaa wako anaweza kukuelekeza.

Ukirudishwa nyumbani baada ya kupimwa na watoto wakapunguza tena kucheza, rudi. Hakuna aliye na haki ya kukuambia unasumbua.