Hiari Yashinda Utumwa: Historia ya Utafiti wa Kujitolea Mbeya na Iringa

Kazi za kujitolea na vyama vya hiari vimekuwa somo la vyuo vikuu. Kada hana budi kuuliza: somo hilo lilianzia wapi, na limemtumikia nani?

Mkoani Mbeya lilianza chini ya mkoloni. Kati ya 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusa. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 kilieleza vijiji vya marika: vijana waliotoka kwa wazazi wao wakajenga na kuishi pamoja. Ilikuwa kazi ya makini. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, na mkulima alibaki kuwa mtu wa kuelezwa tu.

Ndipo ikaja Sheria ya Vyama ya 1954. Chama halali kikawa kile kilichoandikishwa. Makundi ya kulimiana kwa zamu na kuzikana hayakuwamo daftarini, na mtafiti aliyeanzia daftarini hakuweza kuyaona.

Baada ya Uhuru tatizo lilichukua sura nyingine. Neno "kujitolea" lilitumika hata pale ambapo asiyefika kazini alitozwa faini. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, wanachama hawakuulizwa. Tuseme bila kificho: hiari isiyoweza kukataa si hiari.

Iringa ilitoa fundisho jingine. Mwaka 1983 mpango wa lishe ulianza katika vijiji 168, ukisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito kijijini, na wanakijiji wenyewe wakajadili sababu za utapiamlo na hatua za kuchukua. Fikra zilizokomazwa huko ziliingia katika mwongozo wa lishe wa UNICEF wa 1990. Hapo mkulima alikuwa mtafiti pia, ingawa fedha nyingi zilitoka nje.

Miaka ya 1990 mashirika yasiyo ya kiserikali yaliongezeka sana, na mwaka 2002 yakatungiwa sheria yake. Issa Shivji aliyakosoa kwa kukwepa historia na siasa. Ukosoaji huo unatuhusu.

Kwa hiyo tunapochunguza kikundi chochote, tusianze na hati ya usajili. Tuulize: Nani aliamua? Nani alishika hesabu? Nani aliweza kukataa bila kuadhibiwa? Majibu yasomwe kwanza mbele ya wanakikundi wenyewe, kwa lugha wanayoielewa.