Divai au mvinyo?

Chupa ya Spätburgunder, divai nyekundu ya Ujerumani, ikifika mezani Buguruni, wengi wataiita mvinyo. Mimi nashika divai. Mvinyo tuliupata kwa Wareno, divai ni ya Wafaransa. Lakini kamusi zetu huuhesabu mvinyo pia kuwa pombe kali, jamii ya wiski, na Spätburgunder si pombe kali hata kidogo. Zabibu zake zina ganda jembamba, kwa hiyo rangi yake ni hafifu na ukakasi haba. Ndiyo maana inaelewana na kitimoto cha kukaanga na ndizi, au kuku wa kienyeji aliyechomwa na kukamuliwa ndimu, hasa ikipozwa kidogo. Divai yenye ukakasi mwingi ikikutana na pilipili, mdomo unawaka na uchungu unazidi.

Atakayepinga atasema Biblia ya Union inatumia maneno yote mawili: divai kwenye harusi ya Kana, mvinyo Paulo anapowaonya Waefeso wasilewe. Kweli, na mvinyo huohuo Timotheo anashauriwa anywe kidogo kwa ajili ya tumbo. Ila msomaji wa Biblia haagizi kinywaji. Mteja anaagiza, na akisema mvinyo anaweza kuletewa konyagi.